Kuhusu ile seli moja

Mpendwa dada Zuhura,

Salamu nyingi baada ya ukimya mrefu ambao, nakiri, ni wangu. Sisi hatujambo, Bi Tunu anakusalimu na bado analidai sufuria lake.

Nimesikia kwamba wiki ijayo utawafundisha wanafunzi wako ukuaji wa tezi za maziwa, nami nahofia kuwa utatumia yale maelezo niliyokuandikia zamani, yanayosema kwamba titi zima hujengwa na seli shina moja, yaani seli inayoweza kuzaa seli za aina nyingine. Hayakuwa uongo, lakini yalikuwa nusu ya habari.

Mwaka 2006 kundi la watafiti Jane Visvader na Geoffrey Lindeman huko Melbourne lilichukua seli moja tu ya tezi ya panya, likaipandikiza katika tishu ya mafuta ya panya mwingine aliyekwisha kuondolewa machipukizi ya tezi yake, na seli ile ikatoa tezi kamili yenye uwezo wa kutengeneza maziwa. Nilishangilia, nikakujazia kurasa tatu. Sasa ifikirie pingili ya muhogo: ukiichomeka ardhini hutoa mizizi, lakini ilipokuwa juu ya mti wake haikuotesha hata mmoja. Melbourne waliichunguza pingili iliyokwisha kukatwa.

Mwaka 2011 kundi la Cédric Blanpain huko Brussels lilizitia seli alama zikiwa palepale zilipo, likaona kwamba katika kiinitete seli shina moja huweza kuzaa matabaka yote mawili ya mifereji ya maziwa; ila baada ya kuzaliwa, wakati wa balehe na hata wa mimba, tabaka la ndani hujiendeleza kwa seli zake, na lile la nje, linalojikunyata ili kuyasukuma maziwa, kwa zake. Melbourne walijibu mwaka 2014 kwamba seli za kuzaa matabaka yote mawili zimo hata katika panya mkubwa. Mimi nimeegemea Brussels, ingawa pingili yangu, kama unavyoona, haimkatai yeyote kati yao, maana kuweza ni jambo moja na kutenda ni lingine, na mimi nilikuandikia la kwanza kana kwamba ni la pili.

Je, maelezo yangu umekwisha kuwagawia wanafunzi? Unaweza kuniahirishia somo hilo kwa siku mbili, nikutumie mchoro mpya? Na yule kijana aliyeuliza ni seli zipi hulijenga titi upya katika mimba ya pili, baada ya kusinyaa mtoto alipoachishwa ziwa, ulimjibu nini?

Wako daima,
Rehema