Shukrani kwa mzee wa ovaroli ya bluu

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma, ndiyo maana nakushukuru hapa hadharani.

Mimi ndiye mwenye Datsun 240Z nyekundu iliyokataliwa kwenye ukaguzi hapa Arusha kwa sababu ya moshi mweusi. Gari ile aliniachia marehemu baba. Hakuchoka kusimulia jinsi aina hiyo ilivyoshinda Safari Rally mwaka 1971, na tena 1973. Ilipokataliwa nilijua injini ndiyo basi tena.

Wewe ulikuja na pikapu yako tu, ukaacha foleni. Ulifungua plagi zote 6, ukanionyesha masizi, kisha ukauliza kabureta zilisetiwa wapi. Nikasema Dar. Ukatikisa kichwa: kule ni usawa wa bahari, Arusha tuko juu mita 1,400 hivi, hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi na haiungui yote. Mafundi watatu hawakuwahi kuniambia hivyo! Ukapandisha nati za chini ya kabureta zote mbili, kidogo kidogo, huku ukisikiliza mngurumo. Ukasafisha plagi, ukaniambia niizungushe hadi Njiro ipate moto ndipo nirudi kwa mkaguzi.

Imepita, mzee. Bomba liko safi kabisa.

Hela ulikataa, na niliporudi na soda ulikuwa umeshaondoka. Bisibisi yako ndogo ninayo. Ukiliona gari lile popote mjini, nisimamishe, tafadhali.