Mwanangu, usiizime misumari

Mama,

Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili. Unasema pale ufukweni wanapounda majahazi mashine ya kutafutia vitu vya madini mchangani inapiga kelele mpaka kichwa kinauma, ukapandisha mchujo, ile sehemu ya kuchagua madini gani yasilie, hadi chuma chote kikanyamaza, umezunguka asubuhi nzima hujapata hata shilingi. Hapo ndo ulipoteleza mwanangu, maana ukiinyamazisha misumari hujaiondoa, ipo vilevile mchangani, we tu ndo huisikii, na mashine ikishapita juu ya msumari inahitaji muda kidogo kabla haijasikia kitu kingine, sasa pete ikiwa imelala vidole viwili pembeni nayo inapita kimyakimya.

Unakumbuka pete ya ndoa ya shangazi yako? Siku mbili nimepita juu yake na koili kubwa, lile duara la chini ya mashine linalosikia madini, hola. Ya tatu nikafunga ile ndogo ya sentimita 15 ili niwe na misumari michache chini yake kwa wakati mmoja, nikaondoa mchujo wote, chuma kiongee kwa sauti yake nzito, nguvu nikaipunguza kwa sababu mchanga wenye maji ya chumvi nao unapiga kelele, afu nikaenda taratibu koili ikigusa mchanga. Gruu, gruu, gruu, katikati yake kamlio kembamba kafupi sana. Nikageuka robo duara nikapitisha tena, kapo palepale. Moyo ulinienda mbio mama!

Msumari mara nyingi unakudanganya upande mmoja, ukigeuka ule mlio mzuri unapotea au unahamia pembeni. Ila vizibo vya soda na bati lililooza ni waongo kweli, vinalia kama fedha, kwa hiyo ukiwa na shaka chimba. Namba za kwenye skrini usiziamini sana, pete nyembamba ya dhahabu inasoma karibu na karatasi ya alumini ya sigara, ukiikataa alumini umeikataa na dhahabu.

Kila msumari unaochimba tia kwenye kopo, usiurudishe. Watoto wanakimbia pale peku, na kadiri unavyoitoa ndivyo vitu vilivyojificha chini yake vinavyoanza kusikika, mi sehemu moja nimeirudia mara nne na kila mara inanipa kitu.

Ukibahatika na heller, zile sarafu za enzi za Mjerumani za kuanzia 1904, usiisugue, suuza tu na maji baridi. Na Kaole, kwenye yale magofu ya kale karibu na Bagamoyo, usiingie na mashine kabisa, hata ukiambiwa na nani. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na pale ni makaburi ya watu mwanangu, hilo sitaki hata tubishane.

Jumamosi nakuja, maji yakishatoka tushuke wote. Koili ndogo nimeshaipaki.

Baba yako