Mgonjwa aliyehamia Malindi asirudishwe mkiani mwa foleni

Mhariri,

Mwaka huu nilihamishiwa kufundisha Malindi nikitokea Nakuru, nikaja na mama yangu. Ana presha ya macho, na kule alikuwa akionwa na daktari bingwa kila baada ya miezi mitatu. Hapa tumeambiwa aanze upya: faili mpya, foleni mpya, aje Septemba. Barua ya daktari wake wa awali karani hakuifungua hata bahasha.

Ugonjwa huu mara nyingi hauumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Hula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, aghalabu kuanzia pembeni, na uoni uliopotea haurudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Mwenye mtoto wa jicho akichelewa, kwa kawaida hupasuliwa akaona tena. Huyu wangu hana nafasi hiyo. Siku hizi anapiga kumbo vikombe vilivyo upande wake wa kushoto.

Wengine wanatushauri twende Mombasa, takriban kilomita 120. Nauli ya watu wawili, na darasa nimwachie nani?

Matibabu ni jukumu la kaunti tangu 2013. Nawaomba wakuu wa afya wa Kilifi: aliyekwisha anza matibabu kwingine apangiwe tarehe kwa hali ya ugonjwa wake, si kwa siku aliyofika mjini. Na wakati akimsubiri bingwa, apimwe presha ya macho na kuandikiwa matone yake. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache tu.

Mwalimu,
Malindi