Shukrani kwa Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mwanangu mwenye umri wa miaka 9 alipopelekwa kuishi katika makao ya watoto wenye matatizo ya kihisia, kila usiku alipiga mayowe na kujigonga kichwa ukutani. Muuguzi mmoja, ambaye jina lake silitaji, hakumkaripia wala kumshika kwa nguvu; aliweka mto ukutani, akapunguza mwanga, akaketi sakafuni na kupumua polepole kwa sauti hadi mtoto akaanza kumfuatisha. Kila asubuhi aliandika kilichotangulia fadhaa hiyo, na kwa maandishi hayo tukagundua kwamba kilichomtisha mtoto ni mlio wa funguo. Tangu hapo, na hili ndilo lililonigusa zaidi, alizivingirisha funguo zake kwa kitambaa. Dada yangu, nakushukuru mbele ya wote.