YAH: MALALAMIKO KUHUSU PLASTISOLI MBOVU NA KUDHALILISHWA KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu natanguliza, kwa sababu sikulelewa kuanza na shari. Baada ya salamu naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, usiisukume kwa dawati la huduma kwa wateja. Huko nimekwishaandika vya kutosha, na kila nilipoandika nilirudishiwa jibu lilelile, neno kwa neno, hata jina langu likiwa limekosewa vilevile.

Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mmeyachapa nyuma ya ankara zenu. Mnayajua, sina haja ya kuwasomea.

Nakuja kwenye plastisoli, ile plastiki ya majimaji ninayoipasha joto na kuimimina kwenye kalibu kutengeneza chambo laini cha uvuvi chenye umbo la mnyoo. Madumu niliyopokea safari hii yana namba ileile ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani, na yote yameandikwa ugumu wa kati. Dumu la kwanza lilinitolea minyoo iliyolegea kiasi kwamba ukiivisha ndoana inachanika kabla hujatupa mshipi. Dumu jingine, bechi ileile, maandishi yaleyale, likatoa minyoo migumu ambayo mkia wake hautikisiki hata ukiuburuta majini. Mvuvi hanunui chambo laini kwa sababu ya rangi tu. Ananunua mkia unaocheza. Mkia usipocheza nimemuuzia kipande cha mpira, na jina lililo kwenye mfuko ni langu, si lenu.

Anayeijua kazi hii hahitaji maabara kutambua kilichotokea. Plastisoli ni chembe za PVC, aina ya plastiki, zilizochanganywa na mafuta ya kulainisha. Ikikaa, chembe zinazama. Ndiyo maana kila mmiminaji hutikisa dumu kabla ya kupima, na mimi hulitikisa mpaka mkono ukaniuma. Lakini kutikisa dumu hakusaidii kitu ikiwa chembe zilibaki chini ya pipa kubwa huko kwenu, mkachota mafuta ya juu bila kukoroga mkajaza madumu ya mwanzo, na ule uzito wa chini mkaujaza madumu ya mwisho. Dumu lile la kwanza nililiacha makusudi litulie nione: mashapo yake yalikuwa utando tu. Hilo ndilo nililolibeba mwenyewe hadi kauntani kwenu, pamoja na lile la pili, pamoja na mfuko wa minyoo iliyorudishwa na wateja wangu.

Kilichotokea hapo kauntani ndicho kilichonishikisha kalamu.

Karani wenu hakufungua dumu hata moja. Alichukua mfuko, akatoa mnyoo mmoja kwa ncha za vidole, akauvuta mpaka ukakatika, akacheka. Akasema, "Bibie, hii umeiunguza. Biashara za jikoni ndivyo zilivyo." Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nilipoanza kumweleza joto nililotumia, akaugeuza mfuko mzima juu ya ndoo ya taka, minyoo yote ikamwagikia humo, kisha akamwita anayefuata.

Ule ulikuwa ushahidi wangu, Ndugu Meneja. Ukaishia kwenye ndoo ya taka.

Sasa nalijibu hilo la kuunguza, kwa kuwa pale kauntani sikupewa nafasi. Plastisoli ikiwa mbichi ni nyeupe. Ukiipasha joto inaganda kwanza, halafu inalainika tena na kuwa angavu, na ikifika karibu digrii 177 za Selsiasi iko tayari kumiminwa. Ukiivusha digrii 200 inaanza kugeuka manjano, kisha kahawia, na inatoa moshi wenye hidrojeni kloridi unaochoma pua na macho. Aliyewahi kuunusa hausahau, na halazimiki kusubiri wiki kadhaa ndipo ajue kwamba ameunguza. Minyoo yangu ilitoka kwenye kalibu ikiwa angavu, bila doa la manjano. Na kama ningekuwa sikuiivisha, ingetoka na ukungu na kukatika siku ileile. Haikukatika siku hiyo. Iliharibikia ndani ya mifuko: ikatoka mafuta, ikanatana, rangi ya mmoja ikahamia kwa mwenzake. Hayo ni mafuta yaliyokosa chembe za kuyashika. Karani anayeuza plastisoli kutwa nzima na hajui tofauti ya kuungua na kuvuja mafuta, huyo mmemweka pale auze nini?

Kuna jambo nimelipita. Kabla sijaja kauntani nilipiga simu, na mtu wenu wa ufundi akanishauri nipandishe joto "mpaka ishike", hata digrii 230. Nilimwomba arudie, akarudia. Huo si ushauri wa ufundi, ni kumwambia mteja avute moshi wa sumu. Mimi nina barakoa yenye vichujio na feni ya kutoa hewa nje, na bado nisingethubutu. Je, yule anayeanza leo, aliyefungua dirisha moja tu na kuamini kwamba nyinyi mnajua mnachosema? Baada ya simu ikaja barua pepe ikinielekeza ninunue kigumisho chenu nikiongeze kwenye dumu lililolegea. Yaani mniuzie kilichopungua, kisha mniuzie na kipungufu chake. Barua pepe hiyohiyo ilikuwa na vocha ya punguzo kwa plastisoli nitakayonunua safari ijayo.

Kalibu ya alumini mliyonitumia pamoja na mzigo huo, nusu zake hazikutani sawasawa. Kila mnyoo unatoka na ukingo wa kukata kwa mkasi. Hilo ningelivumilia.

Ambalo silivumilii ni wateja. Wavuvi hupanga vyambo kwenye kisanduku, vilaini upande mmoja na vigumu vya kupakwa rangi upande mwingine. Mafuta ya kulainisha yakivuja na kugusa plastiki ngumu, hasa ile ya polistirini, yanaila mpaka inanata na kubonyea. Mteja wangu mmoja amenitumia picha ya kisanduku chake: sakafu ya kisanduku imelainika, minyoo yangu imegandamana nayo, na vyambo vyake vigumu vya gharama vimebabuka rangi. Nimemlipa, kwa sababu yeye hakununua kwenu, alinunua kwangu. Sasa nyinyi mnilipe mimi, kwa sababu mimi nilinunua kwenu.

Kwa hiyo madai yangu ni haya: mnirudishie fedha za madumu yote ya bechi hiyo pamoja na kalibu, mnipe kwa maandishi maelezo ya namna bechi hiyo ilivyojazwa, na muwatahadharishe wote waliouziwa madumu yake. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nilipokuwa nikija kwenu na madumu yangu, hayo tu ndiyo niliyoyataka, na mngeyamaliza pale pale kwa dakika chache za adabu.

Lakini hilo neno "jikoni" haliniishi. Sufuria ninayopashia plastisoli haijawahi kuivisha chakula na haitaivisha. Vikombe vya kumiminia, mwiko, kipimajoto, vyote vina chumba chao. Na hata kama ningekuwa jikoni kweli, kuna aibu gani? Nick Creme alitengeneza minyoo yake ya plastiki laini nyumbani, huko Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1949, na biashara hii yote ambayo nyinyi leo mnaiuzia malighafi inamfuata yeye. Watu wa nyumbani ndio waliowaweka mjini. Kiwanda kikubwa hakinunui dumu kwa dumu kauntani kwenu, kinaagiza mapipa. Sisi wa "jikoni" ndio tunaopanga ile foleni.

Na nikitaja foleni inabidi nirudi kule, maana hapo juu niliandika nikijizuia.

Karani wenu hakusema kwa sauti ya kawaida. Alipouvuta ule mnyoo aliunyanyua juu, watu wote wauone, ndipo akaukata. "Bibie, hii umeiunguza." Aliinua sauti kwenye "umeiunguza", akageukia foleni akiwa na kipande kila mkono, akaongeza: "Kuna mwingine ana maiti za kuzika leo?" Watu wakacheka. Siwalaumu, mtu akichekeshwa hucheka. Ila mmoja hakucheka. Alikuwa watu wachache nyuma yangu, mwenye duka la zana za uvuvi ambaye kwa muda mrefu amekuwa akichukua vyambo vyangu na kuvitundika karibu na mlango wa duka lake. Alinitazama, akaitazama ile ndoo, akainamia simu yake.

Ndiyo, niliinama nikaanza kuokota. Minyoo yangu ilikuwa imechanganyika na risiti zilizokunjwa na vikombe vya karatasi vyenye mabaki ya kahawa. Karani akaniambia, "Acha, mfagizi ataitoa." Msimamizi wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, mkono kwenye kitasa. Tukatazamana. Nilidhani anakuja. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Niliokota niliyoweza, nikabeba madumu yangu mawili, nikapita mbele ya watu walewale kuelekea mlangoni. Hakuna hata mmoja wenu aliyenisaidia kufungua mlango.

Yule mwenye duka tangu hapo hajaagiza kwangu. Hakunigombeza wala hakunipigia simu, ameacha tu kuagiza. Mimi nikiwa mahali pake ningefanya hivyohivyo: nimemwona muuzaji wangu akitajwa hadharani kuwa anaunguza plastiki, na aliyemtaja ni kampuni yenyewe inayotengeneza hiyo plastiki. Ningemwamini nani?

Basi yale madai ya juu yachukuliwe kuwa mwanzo. Nayaongezea haya. Mnifidie gharama za minyoo yote iliyorudishwa na wateja, pamoja na kisanduku nilichokilipia, stakabadhi nimeziambatanisha. Yule mwenye duka mmwandikie kwa karatasi yenye nembo yenu kwamba kasoro ilikuwa ya plastisoli yenu na si ya mikono yangu. Jina lake na anwani nitawapa mkishanijibu kwa maandishi. Na karani yule aniombe radhi hapohapo kauntani, wakati wa foleni, si ofisini wala kwa simu, na msimamizi wake akiwa amesimama kandoni, safari hii upande wa nje wa mlango.

Zile siku 14 pia nimezifikiria upya. Nilikuwa nikiwapima kwa adabu yangu. Ziwe siku 7.

Msidhani nimebakiwa na maneno matupu kwa kuwa minyoo mingi iliishia kwenye ndoo yenu. Lipo dumu la bechi hiyohiyo ambalo sijaligusa. Lakiri yake ni ya kiwandani kwenu, haijakatwa, na nimeipiga picha pamoja na ankara. Siku hizo 7 zikipita bila jibu lenye saini yako wewe, si ya dawati, dumu hilo linakwenda kupimwa na maabara isiyo yenu, likifunguliwa mbele ya shahidi. Matokeo yakishatoka, nakala moja itakwenda kwa mamlaka inayolinda watumiaji wa bidhaa, nyingine kwa mwanasheria wangu ambaye amekwishaisoma barua hii na kuniambia nimekuwa mpole. Nakala ya tatu, pamoja na ushauri wenu wa digrii 230, nitawapelekea wamiminaji wenzangu wote ninaowafahamu, na sisi tunafahamiana. Wengi wao wamekuwa wakihangaika na minyoo inayovuja mafuta na kudhani tatizo ni kipimajoto chao.

Msinipigie simu. Simu zenu nimekwishazisikia, na hazina kumbukumbu isipokuwa kichwani mwangu. Jibu lije kwa maandishi, likitaja namba ya bechi kama ilivyo kwenye ankara niliyoambatanisha, na jina langu likiwa limeandikwa sawasawa.

Vocha yenu ya punguzo nairudisha humu humu ndani ya bahasha.

Wako, na bado mteja wenu kwa siku 7,

Mmiminaji wa vyambo, mwenye ankara iliyoambatanishwa

Viambatanisho: ankara, picha za madumu na lakiri, picha ya kisanduku cha mteja, stakabadhi za malipo, barua pepe zenu zote, vocha.

Nakala: Mwanasheria wangu.