Risala ya wazazi kwa mgeni rasmi, Siku ya Wazazi, kisiwani Pate, kaunti ya Lamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu na walimu wote, chifu, maustadhi wetu, wazazi wenzetu na nyinyi watoto mlokaa juani, assalam aleikum warahmatullah, na wasokuwa Waislamu hamjambo.

Karibu sana Pate na pole kwa mawimbi, manake twajua boti lenu limerushwa kidogo na hii kusi. Risala yetu si ya madawati wala vyoo, hayo walimu washayasema na watayasema tena. Sisi wazazi mwaka huu tumeomba tuseme jambo moja ambalo kawaida hunong'onezwa jikoni, nalo ni watoto wetu walo na maradhi ya akili na vile twahangaika kuwafikisha kwa daktari.

Watu hupenda kusema ati wazazi wa visiwani hawajui, wakimbilia waganga ndio maana wachelewa. Kidogo ni kweli hatukatai. Kuna mama hapa, mwanawe wa miaka 13 aliacha kulala, usiku ajisemea pekee, mchana hataki kukaa na watu, shuleni kwake wakati huo (si hapa) akaitwa mkorofi akawa ni wa kutolewa nje kila siku. Akasomewa, akanyweshwa kombe (maji yalooshewa aya za Kurani), akafukizwa ubani, ikaisha miezi minane. Lakini mheshimiwa hebu sikiza yalompata alipoamua kwenda hospitali, utajua kwa nini watu hurudi kwenye kombe. Dispensari ikampa barua ya rufaa ya hospitali ya Lamu, vizuri, apointimenti saa mbili asubuhi. Sasa asubuhi ile maji yamepwa, na wewe Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, umeupita leo wajua, maji yakipwa boti haipiti, na kuzunguka nje bahari kuu msimu huu na mtoto anaopiga mayowe hakuna nahodha akubali. Wakafika saa nane mchana, nesi wa akili kaenda semina, njooni Jumanne. Siku nne wakalala kwa jamaa Langoni, mjini Lamu, mtoto kajificha uvunguni, wenyeji nao wachoka hata kama hawasemi. Jumanne ikafika wakapewa barua nyengine, ya Mombasa. Mombasa ni kuvuka hadi Mokowe upande wa bara halafu basi siku nzima na mtoto hajalala wiki. Hakwenda. Mheshimiwa utusamehe kwa kuuliza, wewe ungekwenda?

Ustadhi yuko mlango wa pili, hana foleni, mtoto amjua kwa jina, na wampa ulichojaaliwa. Hatumtaki aache kisomo, na wako maustadhi wetu sasa wenyewe ndio husema huyu mpelekeni hospitali na kisomo tutaendelea nacho, Mungu awalipe.

Kifafa nacho huku hutiwa kwenye kapu moja na wazimu. Mtoto akianza dawa za kifafa zataka kumezwa kila siku, ukikata ghafla degedege hurudi kwa kishindo, sa ukienda ukaambiwa dawa hakuna njoo mwezi ujao, huo mwezi wa katikati ndio mtoto huangukia jikoni akaungua au akaangukia baharini.

Pesa pia. Dispensari ukishajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, huduma ni bure, hilo twashukuru, lakini hospitali kubwa lazima uwe umelipa, na kwa asokuwa na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi na yatakiwa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Mvuvi umwambie atoe hiyo kwa mpigo wakati wa kusi? Kuna ule mpango wa kulipa pole pole twausikia redioni, wa kuja kutueleza hatujampata.

Na si watoto wachache. Shirika la Afya Duniani lahesabu kijana 1 katika kila 7 wa miaka 10 hadi 19 ana shida ya akili. Ukiileta hesabu hiyo ya dunia kwenye darasa la watoto 42 ni 6, na wengi wao hawapigi kelele, wamekaa nyuma kimya tu.

Sheria ya afya ya akili ilorekebishwa 2022 yasema kaunti ndio itoe huduma hii kwenye hospitali zake, kwa hivyo hatuombi sadaka. Twaomba nesi wa akili aje Faza, hapa kisiwani, siku moja kila mwezi, na hiyo siku ichaguliwe kwa kutizama maji si kwa kutizama kalenda ya ofisini, manahodha wetu watawasaidia kuhesabu bure. Dawa za maradhi haya ziwekwe dispensari za huku. Na walimu wapate mafunzo ya kumtambua mtoto mgonjwa kabla hajaitwa mkorofi. Namba 116 ya simu ya kusaidia watoto ambayo kupiga ni bure tumeibandika wenyewe ukutani, hiyo msijisumbue.

Yule mama yuko hapa, buibui la mstari wa pili, mwanawe pia yuko, ataka kukusalimia. Twajua boti lenu laondoka kabla maji hayajapwa, kwa hivyo mheshimiwa twakuomba uanze na yeye halafu ndio chakula.