Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kijiji: Andika jina langu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu kutoka kitongoji cha mlimani.

Tangu tuvune maharage nimefika ofisini kwako mara tatu, na mara zote nimeambiwa nisubiri. Jumatatu iliyopita nilikwenda kuhakiki taarifa zangu za mbolea ya ruzuku. Kijana anayeandikisha akanitazama, akasema, "Mama, shamba hili lina mwenyewe. Mlete mwenye shamba." Huyo mwenye shamba ni shemeji yangu. Tangu mume wangu afariki mwaka 2019, hajashika jembe pale hata siku moja.

Wewe ni Mmatengo wa hapa Mbinga; ngoro, kilimo chetu cha mashimo mteremkoni, unaijua. Mwezi wa tatu mwanamume anafyeka majani, yakikauka anayapanga miraba mteremkoni, basi, kazi yake imekwisha. Mwanamke ndiye anayeinama ndani ya kila mraba, anachimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya majani yale, mpaka shimo linabaki katikati na kingo zinasimama pande zote nne. Kwenye kingo tunapanda maharage, baadaye mahindi. Mvua kubwa ikija, maji yanatulia shimoni, hayaburuti udongo mpaka mtoni, na majani yanaozea chini yanakuwa mbolea. Ndivyo milima hii ilivyolimwa miaka zaidi ya mia na bado inatulisha. Mimi tangu nifiwe hata kufyeka nafyeka mwenyewe. Kiganja changu cha kulia siku hizi hakikunjuki.

Mama yako na mimi tumefukia ngoro bega kwa bega, wewe umelazwa kwenye kanga pembeni ya shamba. Shamba hilohilo, Mheshimiwa.

Ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23, namba ya kuchukulia mbolea ilitoka kwa jina la shemeji, na mifuko inaishia kwenye kahawa yake. Sasa nasikia anataka kulikodisha shamba kwa mtu atakayepiga matuta ya kushuka na mteremko. Nadhani ni tamaa ya fedha, au kuna anayemshauri. Ngoro zikishavunjwa, udongo wote utaishia bondeni, nami nitabaki na mawe.

Novemba 2024, ulipokuja kuomba kura, ulisimama uwanja wa shule ukasema kina mama tutapata hati za kimila za kumiliki ardhi kwa majina yetu. Tulipiga vigelegele. Kura yangu nilikupa. Hati iko wapi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria hiyohiyo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Baraza letu limekaa lini? Liite. Mwite shemeji, niite na mimi, na majirani waseme ni nani wanayemwona pale tangu alfajiri.

Mbolea naweza kuikosa tena mwaka huu, nitazidi kufukia majani. Lakini shamba lisikodishwe, na jina langu liandikwe kwenye hati kabla mvua hazijaanza. Naomba hilo tu. Andika jina langu.

Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na cheti changu cha ndoa na cheti cha kifo cha mume wangu. Safari hii sitaondoka mpaka unisikilize.

Mjane wa kitongoji cha mlimani